Ongeza kipandio kimoja



Juma hili tunataka kuzungumza juu ya kitu ambacho kila mmoja wetu anakikanyaga mara nyingi kwa siku bila kukiangalia: ngazi ya nyumba. Tunajua wengine watasema, "Mwalimu, ngazi gani tena? Sisi hapa Kasenyi hatuna nyumba za etaji kama watu wa Bunia." Ni kweli, ghorofa kwetu ni chache. Lakini angalieni milango yetu. Mwaka 2020 maji ya Ziwa Albert yalipanda na kuingia katika nyumba za watu pembeni ya ziwa, kwetu hapa na hata upande wa Uganda. Tangu wakati ule, mtu anayejenga upya anainua msingi. Mmoja anainua sentimita 50, mwingine 70, mwingine anafika mita nzima. Msingi ukipanda, mlango unapanda pamoja nao, na sherti pawe na vipandio vya kufikia mlango ule. Kwa hiyo ngazi imekwisha kuingia katika maisha yetu, hata kama hatukuiita.

Na ngazi hiyo inatumiwa na nani zaidi? Baba anatoka asubuhi, anarudi jioni. Sisi tunapanda na kushuka tangu alfajiri: na bidoni ya maji, na beseni ya samaki, na mtoto mgongoni, na sufuria ya moto mkononi. Lakini siku fundi anapokuja kupima, ni nani anayesimama naye? Hapo ndipo tunataka kufika leo.

Yaliyotupata sisi wenyewe

Tuanze na habari ya nyumbani kwetu, maana mwalimu asiyekubali kosa lake hana haki ya kusahihisha la mwingine.

Tulipojenga upya, tuliinua sakafu sentimita 70 kutoka uwanjani. Feza zilikuwa zinakaribia kuisha, kama inavyokuwa kwa kila mtu anayejenga. Fundi akatengeneza vipandio vitatu mbele ya mlango. Kwa macho vilikuwa vizuri, vimepigwa simenti laini inayong'aa. Tulimlipa, tukamshukuru, tukaingia.

Miezi ikapita. Jioni moja, wakati wa mvua, mama mkwe wetu, ambaye watoto wanamwita tate, alikuwa anashuka na beseni ya samaki kichwani. Alifika kipandio cha mwisho, akatafuta chini kwa mguu, asipapate pale alipotazamia. Beseni ikaenda upande wake, tate akaenda upande wake. Alijikinga kwa mkono wa kuume, na mkono ukavunjika karibu na kiganja. Mfupa uliunga, tunashukuru. Lakini mpaka leo mkono ule haugeuki sawasawa. Tate, aliyekuwa anasonga bugali la watu kumi bila kupumzika, sasa anamwachia mjukuu mwiko katikati ya kazi na kukaa pembeni akimwelekeza.

Watu walisema: ni uzee. Wengine: ni mvua. Wengine: beseni ilikuwa nzito. Usiku ule tulichukua rula ya darasani na taa, tukapima. Kipandio cha juu kilikuwa na kimo cha sentimita 20. Cha pili, 22. Cha chini, 28. Hapo tukaelewa. Mguu wa tate ulikuwa umeshuka 20, ukashuka 22, ukajitayarisha kushuka hivyo hivyo tena. Ardhi haikuwepo. Uzee haukuwa na neno hapo.

Na lile lililotuumiza zaidi ni hili: siku fundi alipokuwa anapanga matofali ya vipandio vile, tulikuwepo. Tulikuwa tunampikia chakula. Tuliona kwamba cha chini ni kirefu. Hatukusema kitu, kwa sababu tulijiambia kazi ya simenti ni ya wanaume.

Mguu unahesabu

Wahenga walisema, mpanda ngazi hushuka. Tunaitumia methali hiyo kwa watu wenye kiburi, lakini mama wa nyumba aisikie pia kama ilivyo. Katika ngazi, watu wengi wanaanguka wakati wa kushuka, si wakati wa kupanda. Anayepanda akijikwaa anaanguka mbele, na ngazi inampokea karibu. Anayeshuka akikosa, mwili wote unakwenda katika hewa.

Sasa, mtu akishuka hatazami kila kipandio. Anatazama cha kwanza, labda na cha pili, kisha mguu unashika kipimo na kuendelea peke yake. Mama mwenye mzigo kichwani hawezi kabisa kuinamisha kichwa. Mama mwenye mimba ya miezi minane haoni miguu yake. Wote wawili wanategemea kumbukumbu ya mguu. Ndiyo maana sharia ya kwanza ya ngazi, kabla ya uzuri, ni usawa: vipandio vyote viwe na kimo kimoja. Huko Marekani, kanuni za ujenzi wa nyumba zinakataza kipandio kimoja kupishana na mwingine kwa zaidi ya karibu sentimita 1. Sentimita 1 tu! Chetu kilipishana kwa 8.

Sharia ya pili ni kimo chenyewe na nafasi ya kukanyaga. Katika karne ya 17 huko Ufaransa, mjenzi mmoja jina lake François Blondel aliwaza juu ya jambo hili. Aliona kwamba kuinua mguu kunachosha kuliko kuupeleka mbele, karibu mara mbili. Kwa hiyo akafundisha: chukua kimo cha kipandio mara mbili, ongeza upana wa mahali pa kukanyaga, na jumla iwe sawa na hatua moja ya mtu anayetembea. Mafundi wa leo bado wanatumia hesabu yake. Wanatafuta jumla iwe kati ya sentimita 60 na 64.

Jaribuni wenyewe. Kimo 17, pa kukanyaga 29: 17 na 17 ni 34, ongeza 29, inakuwa 63. Ni ngazi nzuri. Kimo 22, pa kukanyaga 25: 22 na 22 ni 44, ongeza 25, inakuwa 69. Ngazi hiyo itawachosha magoti kila siku, na kisigino hakitapata mahali pa kutosha.

Tulipeleka hesabu hii darasani kwetu. Badala ya kuwapa watoto mazoezi ya kitabu, tuliwaambia wapime ngazi ya nyumbani, au ya jirani kama kwao hakuna. Mtoto mmoja alileta 14, 21, 28. Darasa lote likacheka, kwa sababu ilikuwa kama meza ya kuzidisha kwa saba. Kisha akasema, "Mwalimu, ndipo mdogo wangu huanguka." Kicheko kikaisha.

Hapa tunapenda kuongeza neno la lugha. Huko Tanzania, mwanafunzi wa sekondari anasema yuko kidato cha kwanza, kidato cha pili. Maana ya zamani ya kidato ni alama inayochongwa katika mnazi ili mkwezi aweke mguu. Mkwezi anachonga vidato kwa kadiri ya mguu wake mwenyewe, hangoji mtu mwingine ampimie. Na sisi tufanye hivyo.

Kipandio kimoja zaidi

Turudi kwenye sentimita zetu 70. Fundi aligawanya kwa tatu, na hata kugawanya kwenyewe hakukuwa sawa. Angegawanya kwa nne, kila kimo kingekuwa 17 na nusu. Ukiongeza pa kukanyaga pa sentimita 28, hesabu ya Blondel inatoa 63. Inakaa vizuri kabisa.

Gharama yake? Ngazi ya zamani ilikuwa na mahali pawili pa kukanyaga pa sentimita 25 kabla ya kufikia sakafu, yaani 50 kwa jumla. Ile ya vipandio vinne ina mahali patatu pa 28, yaani 84. Tofauti ni sentimita 34 za uwanja, zaidi kidogo ya rula moja ya mwanafunzi. Kwa vifaa, ni matofali machache na mawe ya kujaza ndani, na sehemu ya mfuko wa simenti. Sisi tulikuwa tumeokoa kiasi hicho, kisha tukakitumia mara nyingi zaidi kwa matibabu na kwa siku ambazo tate hakwenda sokoni.

Basi, mkiona kimo kinapita 18, msibishane sana. Semeni tu: "Fundi, ongeza kipandio kimoja."

Na mbele ya mlango wenyewe, pawe na mahali tambarare, angalau mita moja. Mlango ukifungukia nje moja kwa moja juu ya kipandio, mtu anayevuta mlango atarudi nyuma, na nyuma hakuna kitu. Pale tambarare ndipo mama anapotua bidoni kabla ya kutafuta ufunguo.

Simenti inayong'aa

Tunapenda kitu kinachong'aa. Lakini hapa kwetu miguu ina maji ya ziwa, kuna magamba ya samaki, kuna mvua, na watoto hawana viatu. Simenti iliyolainishwa sana, na karo zinazometameta zaidi ya hapo, zikilowa zinakuwa kama sabuni. Kwa ngazi ya nje, mwambieni fundi asilainishe. Kabla simenti haijakauka, apitishe ufagio mgumu juu yake ili ibaki na mikwaruzo, na karibu na ukingo achore mistari miwili au mitatu kwa msumari. Pa kukanyaga painame kidogo kuelekea nje, kiasi ambacho jicho halioni, ili maji yasisimame. Anayetaka uzuri wa karo, aziweke upande wa mbele wa kipandio, usiokanyagwa. Zitaonekana kwa kila anayeingia uwanjani, na hazitamvunja mtu.

Kisha, wamama, kuna kazi ambayo ni yetu kabisa, na fundi akishapewa feza zake hataifanya: kunywesha simenti. Simenti haikauki kama nguo. Inahitaji maji ili ishikane na kuwa ngumu. Funikeni vipandio vipya kwa magunia, mwagilieni asubuhi na jioni kwa siku saba, na msiruhusu watoto kucheza pale. Jua la Kasenyi mnalijua. Ngazi isiyonyweshwa inaanza kumeguka kwenye kingo haraka, na ukingo uliomeguka ni mtego.

Mahali pa kushika

Ngazi yenye vipandio zaidi ya vitatu, tunasema iwe na kishikio, kile ambacho mafundi wanaita gardefu. Kwa mtu mzima, kimo cha sentimita 90 kutoka kwenye kipandio kinatosha. Kwa watoto, funga mti mwingine chini yake, kama kwenye 60, nao watashika.

Si lazima kiwe cha chuma kilichopindwapindwa maua. Mti wa mikaliptusi uliomenywa vizuri na kulainishwa unafaa, kama una unene wa sentimita 4 au 5, ili vidole viuzunguke. Kishikio kinene kama boriti kinapendeza machoni, lakini mzee anayeteleza hawezi kukikamata.

Mkiweka vyuma au miti ya kusimama chini ya kishikio, angalieni nafasi kati yake. Kanuni za Uingereza zinasema mpira wenye upana wa sentimita 10 usiweze kupita. Sababu yake ni mtoto: mahali mwili wake mdogo unapopita, kichwa kinaweza kukwama. Chukueni kopo lenye upana huo, mpitishe mwone. Likipita, ongezeni mti.

Na kwa mtoto anayetambaa, kishikio hakitoshi. Ubao wa kuziba mlangoni unasaidia, lakini siku moja mtu atausahau. Mfundisheni mapema kushuka kinyumenyume: tumbo chini, miguu itangulie. Mtoto anajifunza kwa siku chache, akifurahi kama ni mchezo.

Picha za kwenye simu

Sasa tufike kwenye zile picha. Tunazipokea, tunazitumiana, hata katika kikundi chetu cha likelemba hazikosekani: ngazi zinazotoka ukutani bila kitu chini, kama zinaelea, ngazi za kioo, ngazi nyembamba zinazozunguka kama konokono, ngazi zenye taa chini ya kila kipandio. Kuota si dhambi. Lakini tujue tunachokiona.

Ngazi inayoelea haielei. Ndani ya ukuta ule kuna zege nene lenye nondo nyingi, au boriti ya chuma iliyofichwa, ndiyo inashika uzito wote. Ukuta wa matofali yaliyounganishwa kwa udongo hauwezi kushika kipandio kinachovutwa chini kila siku na mtu mwenye bidoni ya lita 20. Zaidi ya hayo, nyingi za picha hizo hazina kishikio. Nyumba ile katika picha haina mtoto, haina tate, haina mvua. Imepigwa picha siku ambayo hakuna mtu aliyeishi ndani yake.

Ngazi ya konokono inachukua nafasi ndogo, ni kweli. Lakini upande wa ndani pa kukanyaga ni pembamba kama ulimi. Godoro halipiti. Na usiku uchungu wa kuzaa ukimshika mama huko juu, au mgonjwa akihitaji kubebwa, watu wawili hawawezi kupita naye.

Lakini mawazo mengine ya kisasa ni mazuri, na si ya matajiri peke yao. Taa: balbu ndogo ya sola juu ya mlango, inayomulika vipandio na si macho ya mtu, inaokoa watu zaidi ya karo yoyote. Rangi: mstari mweupe kwenye ukingo wa kila kipandio unaonekana hata kwa mbalamwezi, na kopo dogo la rangi linatosha. Kabati chini ya ngazi: wazo zuri kwa mabeseni, majembe na vitabu vya watoto.

Juu ya kabati hiyo tuna onyo moja. Hapa kwetu watu wengi wanatunza nyumbani mafuta ya mota za mitumbwi. Msiweke bidoni ya esanse chini ya ngazi, hata usiku mmoja. Ngazi ndiyo njia ya kukimbilia. Moto ukianzia pale, walio juu hawana njia nyingine.

Kwa anayejenga etaji

Tunawajua wamama wachache waliofanya biashara ya samaki mpaka wakapata kiwanja Bunia, na sasa wanapanga etaji. Tunawapongeza. Kwao tuna hesabu ndogo.

Kutoka sakafu ya chini mpaka sakafu ya juu, tuseme ni mita 3. Ukigawanya kwa vipandio 18, kila kimo ni karibu 16 na nusu au 17. Vipandio 18 vina mahali 17 pa kukanyaga. Kwa sentimita 28 kila pamoja, ngazi inachukua karibu mita 4 na 80 za urefu. Wengi hawaifikirii nafasi hiyo wanapochora vyumba. Wanaacha mita 3 tu. Fundi anakuja, anabana: vipandio 14, kila kimoja zaidi ya sentimita 21, pa kukanyaga 23. Hiyo si ngazi tena, ni mti wa kukwea.

Kama kiwanja ni kidogo, kateni ngazi katikati: vipandio tisa, kituo tambarare, mgeuko, vipandio tisa tena. Kituo kile kinampa mzee mahali pa kupumua, na mtoto akiteleza juu hatafika mpaka chini. Upana usiwe chini ya sentimita 90. Na kumbukeni kwamba ngazi ya zege ya kwenda juu ni kazi ya mtu aliyesoma kazi hiyo. Nondo zikiwekwa upande usiofaa, ngazi itaonekana nzuri mpaka siku ya kuvunjika. Hapo msikisie, mtafuteni mjenzi aliyesomea.

Baraza mbele ya nyumba

Wazo la mwisho tunaliazima kwa ndugu zetu wa pwani. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar na katika mji wa Lamu, nyumba za mawe za zamani zina vikalio vya kujengwa pembeni ya mlango. Zanzibar wanaviita baraza; Lamu ukumbi mdogo wa mlangoni wenye vikalio hivyo unaitwa daka. Mgeni anakaa pale, wazee wanazungumza pale, na mwenye nyumba hahitaji kumwingiza kila mtu ndani. UNESCO iliweka Mji Mkongwe katika urithi wa dunia mwaka 2000, na mji wa Lamu mwaka 2001. Kwa hiyo si jambo la kudharauliwa.

Sisi tulioinua misingi tunaweza kufanya vivyo hivyo. Badala ya ngazi nyembamba iliyobandikwa mbele ya mlango kama ulimi, jengeni vipandio vipana, mita moja na nusu au mbili, na kila upande ukuta mfupi wa kimo cha kiti, uliojazwa mawe ndani. Ukuta ule unazuia mtoto asianguke pembeni, unampa tate mahali pa kukaa akichambua maharagwe, na siku ya mkutano wa likelemba wamama sita wanapata viti bila kuazima kwa jirani. Kitu kimoja kinafanya kazi tatu.

Na ambaye ana mtu asiyeweza kupanda, afikirie njia ya mteremko. Ili kiti cha magurudumu kipande bila hatari, kwa kila sentimita 1 ya kimo zinahitajika 12 za urefu. Kwa sentimita zetu 70, ni mita 8 na 40. Ni ndefu, lakini inaweza kufuata ukuta wa nyumba na kugeuka kwenye pembe.

Tuseme mapema

Wamama, anayetoka Bunia kuja kwetu anapita Bogoro, kisha barabara inaanza kuteremka kutoka milimani mpaka ziwani, zaidi ya mita 600 za kimo. Dereva mzuri hangoji kufika kwenye kona ndipo ajaribu breki. Anazijaribu juu, kabla ya kuteremka. Na sisi tujaribu maneno yetu kabla simenti haijamwagwa. Baada ya hapo, kila neno linahitaji nyundo.

Yaandikeni mambo haya katika daftari, na siku fundi anapofika, msimame naye kwa heshima mkimwuliza:

Kimo kutoka uwanjani mpaka sakafuni ni sentimita ngapi, na utakigawanya kwa vipandio vingapi?

Je, vyote vitakuwa sawa, hata cha kwanza na cha mwisho, baada ya kuweka simenti ya juu au karo?

Pa kukanyaga ni sentimita ngapi? Mguu wote utaenea?

Maji yatakwenda wapi?

Mkono utashika wapi?

Fundi mzuri hatakasirika. Atafurahi kuona mwenye nyumba anajua anachotaka. Na baba wa nyumba akiuliza tangu lini mnajua mambo ya ujenzi, mwambieni kwa upole: "Tangu siku ya kwanza tulipopanda hapa na bidoni."

Sisi tulivunja ile ngazi yetu. Zamu yetu ya likelemba ilipofika, watu walidhani tutanunua kitambaa, tulinunua simenti. Safari hii tulisimama pale na rula tangu asubuhi. Fundi alinung'unika kidogo kwa kipandio cha kwanza, kwa cha pili akanyamaza, kwa cha nne akaiomba rula mwenyewe.

Siku ya nane tuliondoa magunia. Tate alitoka ndani, akaweka beseni tupu kichwani, akashika kishikio kwa mkono wake wa kushoto, akashuka bila kutazama chini. Alipofika uwanjani alisimama kidogo, akageuka, akasema, "Sasa leteni samaki."

Kazi ya juma hili basi ni ndogo: chukueni rula ya mtoto, pimeni kila kipandio cha nyumba yenu, andikeni namba, na mje nazo katika mkutano wetu. Tutazisoma pamoja. Mkutano ukiona nyumba ya mmoja wetu ina hatari, tutajua ni kwa nani tuanze kusaidiana kabla ya mvua.

Mbaki salama, na mshuke polepole.